Otoflawa ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza: saa ya mmea huu haikusubiri

Mleta uzi

Wakuu salaam.

Mada hii inarudi kila mara kwa sura mpya. Mtu kapata mbegu za otoflawa, yaani bangi inayochanua kwa umri wake bila kusubiri usiku urefuke, kafunga taa ya LED kabatini, wiki ya nne mmea una urefu wa shubiri moja na tayari unachanua. Anakuja mbio: "Nifanyeje urudi kwenye kukua kwanza?" Haurudi. Na kama utaelewa kwa nini haurudi, nusu ya maswali yanayoulizwa na wanaoanza utayajibu mwenyewe.

Sheria kwanza, tuimalize. Canada imeruhusu kilimo cha nyumbani tangu 2018, mimea 4 kwa kaya, ingawa si kila jimbo lilikubali. Malta iliruhusu 2021. Ujerumani tangu Aprili 2024, mimea 3 kwa mtu mzima. Uruguay ilitangulia wote hao kwa sheria ya 2013, mimea 6, lakini kwa kujisajili. Sehemu kubwa ya dunia iliyobaki mche mmoja unatosha kukupandisha kizimbani. Ukiwa huko, usome uzi huu kama somo la botania na mbegu uiache ilipo. Maswali ya namna ya kuficha, kuzuia harufu isimfikie jirani na mengine ya aina hiyo sitayajibu, msichoke bure.

Sasa tuingie ndani.

Bangi ya kawaida huchanua kwa kusoma usiku. Usiku ukirefuka kupita kiwango fulani, majani yanapeleka habari kwenye ncha za matawi kwamba msimu umegeuka, na mmea unaacha kukuza majani unaanza maua. Na tena bangi ina heshima yake katika historia ya ugunduzi huu. Mfaransa Julien Tournois alikuwa akipanda bangi ya nyuzi (hemp) na hopsi, mmea wa kutengenezea bia, kwenye banda la vioo wakati wa baridi, akashangaa mimea midogo kabisa inatoa maua. Kati ya 1912 na 1914 alichunguza joto, unyevu na mengineyo, mwisho akaandika kwamba sababu si mchana kufupika bali usiku kurefuka. Mwaka huohuo wa 1914 akafa vitani, na kazi yake ikabaki haina mwenyewe.

Sifa walikuja kuzipata Wamarekani wawili, Garner na Allard, mwaka 1920. Wao walikuwa na tumbaku iliyoitwa Maryland Mammoth ambayo ilikua na kukua majira yote ya joto bila kutoa ua hata moja. Wakawa wanaiingiza kwenye kibanda cha giza kila alasiri na kuitoa asubuhi. Ikachanua. Halafu 1938 Hamner na Bonner wakamaliza ubishi kwa gugu la Xanthium, lile ambalo matunda yake yana miiba inayong'ang'ania nguo: walipoukatiza usiku mrefu katikati kwa mwanga wa dakika chache, maua hayakuja. Mchana walipoukatiza kwa giza, mmea haukujali. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni giza lisilokatizwa. Ndiyo maana wapandaji wa bangi ya kawaida wanaogopa hata kitaa chekundu cha chaja ndani ya chumba chao usiku.

Otoflawa haina habari na hayo yote. Mwaka 1924 Mrusi Janischewsky alieleza bangi mwitu ya kusini mashariki mwa Urusi, akaiita Cannabis ruderalis. Ni mmea mfupi, una matawi machache, unaota penyewe kando ya mashamba na penye vifusi. Kwenye latitudo zile za juu, majira ya joto ni mafupi na siku zake ni ndefu mno. Mmea unaosubiri usiku urefuke unakutana na baridi kali kabla mbegu hazijakomaa. Uliosalia ukaacha mbegu ni ule uliochanua kwa umri. Ukifikisha wiki tatu hadi tano tangu kuota, unaanza, taa iwake saa 12 kwa siku au saa 24.

Wazalishaji wa mbegu walichukua sifa hiyo wakaichanganya na aina zenye maua mazito, na mbegu zikaenea sokoni miaka ya 2000. Sifa yenyewe ni fichevu: ukichanganya otoflawa na ya kawaida, watoto wa kwanza karibu wote watasubiri giza kama mzazi wao mmoja, na sifa inaibuka tena kwa wajukuu, takriban mmoja kati ya wanne. Mwaka 2024 watafiti waliifuatilia hadi kwenye jeni iitwayo PRR37, mojawapo ya jeni za saa ya ndani ya mmea. Kwenye mimea waliyoichunguza, jeni hiyo ilikuwa na hitilafu mahali nakala ya ujumbe wake inapokatwa na kuungwa.

Maana yake kwa anayeanza ni hii. Mwenye bangi ya kawaida anaamua mwenyewe lini mmea uchanue. Mche ukiugua, anauacha kwenye mwanga mrefu upone, mwezi mmoja au miwili, kisha ndipo anafupisha saa za taa ili uchanue. Mwenye otoflawa kapewa bajeti ya wiki nane hadi kumi na mbili tangu mbegu hadi kuvuna, na tatu hadi tano za mwanzo ndizo pekee za kujenga mwili. Wiki moja ya kuudumaza mche hairudishwi na mbolea yoyote duniani.

Ulizeni.

---

Mchangiaji wa 2

Mleta uzi heshima kwako. Kama haijali giza, mbona kila mtu anataja saa 18 za taa na 6 za giza? Si niwashe saa 24 nimalize kazi?

Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Tenganisha mambo mawili: mwanga kama ishara na mwanga kama chakula. Kama ishara, otoflawa haiutumii. Kama chakula, inauhitaji kama mmea wowote, na chakula hupimwa kwa jumla ya siku.

Kipimo ni hiki. Taa hutoa chembe za mwanga kwa kila mita mraba kwa kila sekunde, zinahesabiwa kwa mikromoli. Zidisha kwa sekunde za saa ilizowaka, gawa kwa milioni, unapata moli za siku nzima. Taa ya mikromoli 600 ikiwaka saa 18 inatoa karibu moli 38.9. Bangi ya kawaida ikiwa kwenye maua inapewa saa 12 tu, kwa hiyo kufikia hizo hizo 38.9 inataka taa ya mikromoli 900. Ona faida hiyo: otoflawa inaweza kushiba kwa taa ndogo zaidi, kwa sababu inaruhusiwa kula muda mrefu. Hakuna tangazo la mbegu linalokueleza hivyo, wao wanahubiri "haraka haraka" tu.

Saa 24 haziuui mmea huu. Ila umeme unazidi theluthi nzima, chumba hakipati muda wa kupoa, na faida ninayoiona haifiki gharama. Taa ya wati 100 kwa saa 18 ni uniti 1.8 kwa siku. Kwa wiki kumi ni uniti 126. Piga hesabu kwa bei ya kwako kabla hujanunua chochote.

Na mche mchanga usiupige mikromoli 600. Anza na 200 au 300, panda taratibu. Majani yakinyooka juu kama yanaomba dua, hapo mwanga uko sawa. Yakijikunja kingo kwenda juu au yakapauka upande unaotazama taa, inua taa.

---

Mchangiaji wa 3

Mimi sina imani na hizi mbegu. Mmea unaochanua bila kujali siku, huo umechezewa maabara. GMO hiyo.

Mleta uzi

Hapana kiongozi. Ni uzalishaji wa kuchanganya chavua na kuchagua watoto, kazi ambayo wakulima wameifanya kwa mazao yote tunayokula. Nyanya nazo nyingi huchanua bila kujali urefu wa siku, sijasikia mtu akiziogopa. Sifa ya otoflawa ilikuwepo porini kabla dunia haijajua DNA ina umbo gani.

Kama una shaka na mbegu, itie shaka kwenye uthabiti. Mzalishaji aliyefanya haraka atakuuzia pakiti ambayo mmoja unachanua wiki ya tatu na mwingine wiki ya sita, na mmoja hauchanui kabisa ukiwa kwenye taa ya saa 18. Huo wa mwisho haukuvunja sheria ya maumbile. Umebeba nakala moja tu ya ile jeni yenye hitilafu.

---

Mchangiaji wa 4

Wadau, mimi nimezoea bustani. Nyanya naziotesha kwenye vikombe, zikifika majani manne nahamishia chungu kikubwa. Nitumie utaratibu huohuo?

Mleta uzi

Kwa huu nakushauri mbegu iingie moja kwa moja kwenye chungu itakachofia. Lita 11 hadi 15 zinatosha. Mzizi mkuu wa otoflawa hushuka haraka, na ukigonga ukuta wa kikombe mmea unapunguza mwendo juu na chini. Nyanya ikizubaa siku tano utaisamehe, ina msimu mrefu mbele yake. Huu hauna hizo siku tano za kukupa.

Tatizo la chungu kikubwa ni maji, na hapa ndipo miche mingi hufia. Mche wenye majani mawili ndani ya lita 15 za udongo uliolowa chepechepe hauwezi kunywa yote hayo; mizizi inakosa hewa, mche unadumaa, mwenyewe anadhani una kiu anaongeza. Kwa hiyo mwanzoni mwagilia duara dogo tu kuzunguka shina, upana wa kiganja, na ulipanue mche unavyokua. Kujua kama muda wa maji umefika, usitazame uso wa udongo. Inua chungu upande mmoja kwa vidole viwili. Siku ya kumwagilia kinagoma. Siku kinapoinuka bila ubishi, mwagilia. Ukishakizoea chungu chako, mkono wako utakwambia kabla ya kifaa chochote cha kupimia.

Udongo uwe mwepesi, wenye perlaiti ya kutosha (zile punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa), na usiwe na mbolea kali. Ile mifuko iliyoandikwa imeshiba virutubisho vya miezi mitatu inaunguza miche ya aina hii.

---

Mchangiaji wa 5

Nitapingana nawe kidogo mleta mada. Nimepanda aina zote mbili, na otoflawa nimehamisha mara nyingi bila shida. Siri ni kuhamisha kabla mizizi haijaanza kuzunguka kikombe, na kutotikisa udongo. Na lingine: hizi mbegu zinatangazwa kuwa "za wanaoanza" wakati nionavyo mimi ni kinyume. Anayeanza ndiye anayekosea maji, mbolea, taa, vyote kwa pamoja. Apewe mmea unaomsubiri.

Mleta uzi

Kwenye kuhamisha, mkono wako ni mzoefu. Hoja yangu ni kwamba hatua hiyo haimpi anayeanza faida yoyote inayolingana na hatari yake, basi aiache.

Kwenye hoja ya pili tuko pamoja zaidi ya unavyodhani. Otoflawa ni rahisi kwa mashine na ngumu kwa mikono. Huhitaji giza kamili, huhitaji kubadili taima, chumba kimoja kinabeba mche na mmea wa maua kwa wakati mmoja. Lakini haina nafasi ya marekebisho. Anayeweza kuuacha mmea bila kuushikashika atafurahi nayo. Yule ambaye kila asubuhi anataka kukata kitu, kukunja kitu, kuongeza matone ya kitu, aanze na ya kawaida.

---

Mchangiaji wa 6

Hapo kwenye kukata nimeguswa, maana video zote wanakata kichwa ili mmea utoe matawi mengi. Nisikate?

Mleta uzi

Kukata kichwa ni jeraha, na jeraha lina siku zake za kupona. Kwenye mmea unaosubiri, sawa. Kwenye otoflawa, mkato wa wiki ya nne unaangukia wakati ambao ungekuwa unarefuka, na ukishachelewa kidogo unakata ua lenyewe.

Badala yake kunja. Wiki ya tatu hivi shina bado ni laini. Lilaze taratibu upande, lifunge kwa waya uliovikwa plastiki kwenye ukingo wa chungu. Fanya hivyo mmea ukiwa na kiu kidogo, shina lililojaa maji huvunjika kwa mlio. Baada ya saa chache ncha itakuwa imeshajigeuza kutazama taa, na matawi ya chini yaliyokuwa kivulini yanapata mwanga. Hiyo inatosha. Majani makubwa usiyang'oe eti yanaziba. Ndiyo jiko la mmea.

---

Mchangiaji wa 7

Nitajuaje kama umeanza kuchanua? Na dume nitamtambua vipi? Pakiti yangu imeandikwa "jike tupu."

Mleta uzi

Tazama pale kikonyo cha jani kinapokutana na shina, kwenye pingili ya nne au ya tano kutoka chini. Kuna kijijani chenye ncha kama mwiba, kipo muda wote, hicho usikihesabu. Kando yake kitatokea kifuko chenye umbo la tone, na kutoka kwenye ncha yake nyuzi mbili nyeupe. Nyuzi hizo ni jike. Dume hutoa kijipira laini kwenye kikonyo kifupi, bila nyuzi, na muda si mrefu vinakuwa kichane.

Bangi kwa kawaida ina mimea ya kiume na ya kike mbalimbali. Mbegu za "jike tupu" zinapatikana kwa kumlazimisha jike atoe chavua, mara nyingi kwa dawa yenye madini ya fedha, kisha kumchavusha jike mwingine. Hakuna kromosomu ya kiume popote, basi watoto wote wanakuwa jike. Hata hivyo jike aliyepata misukosuko, hasa joto kali, anaweza kutoa vichavua vya manjano umbo la ndizi katikati ya maua. Kagua kila siku ukimwagilia. Kimoja kinatosha kujaza mbegu kabati zima.

---

Mchangiaji wa 8

Ncha za majani yangu zimekauka rangi ya kahawia, milimita mbili hivi. Majani mengine kijani iliyokolea sana. Niongeze mbolea gani?

Mleta uzi

Usiongeze. Umezidisha tayari. Kijani iliyokolea sana na ncha zilizoungua ni nitrojeni nyingi. Jedwali lililobandikwa kwenye chupa limetungwa na anayeuza chupa, na mara nyingi ni la mmea mkubwa wa kawaida. Otoflawa ianzie robo au nusu ya kipimo kile, tena baada ya majani ya mwanzo, yale mawili ya duara, kuanza kugeuka njano. Kabla ya hapo udongo unatosha.

Mwagilia maji matupu mara mbili tatu, kisha pima pH, yaani kiwango cha uasidi, ya maji yako. Kwenye udongo iwe kati ya 6 na 7. Ikitoka nje ya hapo, virutubisho vipo udongoni lakini mizizi haiwezi kuvichukua, na mtu anadhani kuna upungufu anaongeza tena. Ncha zilizoungua hazitapona, wewe tazama majani mapya.

---

Mchangiaji wa 2

Narudi tena mkuu. Kabati langu halina dirisha. Taa ikiwaka joto linafika nyuzi 31, na taa ikizimwa kuta zinatoa jasho.

Mleta uzi

Hilo jasho linanipa wasiwasi kuliko hilo joto. Hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi. Taa ikizimwa inapoa ghafla na mvuke unageuka maji, juu ya kuta na ndani ya maua. Kuvu wa kijivu, Botrytis, anataka hicho tu. Anaanzia katikati ya ua nene, ndani, na kwa nje utaona jani moja dogo tu limekauka peke yake wakati wenzake ni wazima. Ukilivuta linatoka bila kushikilia. Ukiona hivyo fungua hilo ua: kama kuna vumbi la kijivu, kata sehemu yote na ukate chini zaidi ya unapopaona, utoe nje ya nyumba bila kupukutisha. Usijaribu kuokoa kipande kwa kukikausha. Ukungu hauvutwi wala hauliwi.

Kinga yake ni kutoa hewa. Feni ndogo ya kutoa iwekwe juu kabatini, tundu la kuingiza hewa chini upande wa pili, na iendelee hata taa ikiwa imezimwa. Wengi wanaifunga kwenye taima moja na taa, hapo ndipo tatizo linazaliwa. Nyuzi 22 hadi 28 ni pazuri. Unyevu wa hewa kwa miche uwe asilimia 60 na kitu, kwenye maua ushushe hadi 50 au chini ya hapo kidogo.

Na waya: usiunganishe taa, feni na vinginevyo kwenye ekstensheni moja ya bei chee iliyolala sakafuni unapomwagilia. Ininginize ukutani, juu ya usawa wa vyungu.

---

Mchangiaji wa 6

La mwisho kwangu. Nikipata mmea mzuri, nikate vipandikizi nioteshe upya ili nisiwe nanunua mbegu kila mara. Inawezekana?

Mleta uzi

Kipandikizi kitatoa mizizi, ndiyo. Lakini kina umri uleule wa mama yake. Ukikikata wiki ya nne, kinatumia wiki mbili kutafuta mizizi, na wakati huo huo kinachanua kwa sababu saa haikuanza upya. Utapata kijiti chenye ua moja la ukubwa wa kidole gumba.

Anayetaka kutumia mmea uleule miaka nenda miaka rudi achukue bangi ya kawaida, aweke mama kwenye mwanga wa saa 18, awe anakata. Kwa otoflawa njia ni mbegu: chavusha tawi moja la chini kwa chavua ya otoflawa mwenzake, wote wawili wakiwa na nakala mbili za jeni hiyo yenye hitilafu, watoto nao watachanua kwa umri. Tawi hilo lifunge uzi wa rangi ulikumbuke, na feni izime kwa muda wa saa moja hivi unapopaka chavua, vinginevyo utavuna mbegu mmea mzima.